Kaka Hayumo Kwenye Filamu

Walimwita Mkasi, na jina lilimkaa sawasawa. Alihakiki filamu gazetini, na hakuna saa iliyohama mkono wala jeraha lililohama shavu katikati ya filamu lililompita. Kila aliyetaka kujifunza kazi hiyo, Mkasi alimpa kanuni ileile: "Mhakiki wa kufaa anamwambia mtu anakwenda kutazama nini. Mengine mbwembwe tu." Kanuni nzuri. Lakini nyani haoni kundule, na siku ile Mkasi hakuliona lake.

Filamu ilikuwa ya shemeji yake. Shemeji ndiye aliyeiongoza, ndiye aliyecheza mume, na mkewe wa kweli, mdogo wake Mkasi, ndiye aliyecheza mke. Mkasi alitaka watu waone kwamba undugu haumfumbi macho, kwa hiyo alikaa safu ya tatu, kalamu mkononi, akiwinda makosa.

Katikati ya filamu mume akamgeukia mke. Kofi la kwanza lilimtupa ukutani. La pili likampasua mdomo. Akamburuta kwa nywele mpaka jikoni, akambamiza kichwa kwenye mlango wa kabati, na alipojaribu kuinuka akamkanyaga vidole. Ukumbini watu walipiga mayowe. Mama mmoja alitoka mbio akitapika. "Kaka!" mke akalia, mdomo umejaa damu. "Kaka, njoo!"

Mkasi akaandika.

Gazeti likatoka: "Kipigo kile kina ukweli ambao filamu zetu zimeukosa siku nyingi. Kasoro ni moja tu: mke anamwita kaka, ilhali hadithi haikumpa kaka." Sentensi ya kwanza ikapandishwa kwenye mabango, na mji ukafurika ukumbini kwenda kuuona huo ukweli.

Mchana mmoja mdogo wake akaingia chumba cha habari, kitambaa kimemzunguka kichwa mpaka kidevuni. Hakutaka kiti.

"Umeandika kaka hayumo," alisema.

"Mdogo wangu, usichukie. Ni mambo ya hadithi tu, mswada haukum..."

"Mswada ulisema anamsukuma. Basi. Kusukuma tu." Akafungua kitambaa. Taya lilikuwa limeungwa vibaya, na sikio moja limekunjamana. "Alianza, akanogewa. Hakuna aliyesogea. Nikakuita wewe. Mimi nina kaka mwingine?"

Waandishi wote waliacha kuandika. Mkasi aliona aibu, akaiweka kalamu mezani.

"Sasa mfadhili wa filamu kasoma makala yako," dada akaendelea. "Anataka sehemu ya pili, kipigo kizidi. Tunaanza leo. Nimekuja kukuita mara ya pili, kaka. Ya kwanza ulinisahihisha."

"Kaa hapa," alisema Mkasi. "Usitoke."

Akaenda studio peke yake, mtu ambaye maisha yake yote ngumi alikuwa akizihesabia makosa tu. Shemeji alikuwa kwenye jiko la maigizo walilolijenga kwa mbao, anaelekeza taa. Mkasi hakusalimia. Alirusha ngumi, ikamgonga shemeji begani, na vidole vyake mwenyewe ndivyo vilivyoteguka.

Shemeji akacheka. "Washeni kamera! Mhakiki kataka ukweli, mpeni!"

Akampa kipigo cha mbwa mwizi. Alimpiga mtama, akamkalia kifua, akamshindilia ngumi za uso mpaka miwani ikamvunjikia jichoni. Akauchukua ule mkono wa kuandikia, akaulaza kwenye kizingiti na kuukanyaga, na mfupa ukasikika. Mkasi alilia kama mtoto. "Kata!" alipiga kelele. "Jamani, kata!"

Hakuna aliyekata. Kwenye seti neno hilo la kusimamisha kamera ni la mwongozaji peke yake, na mpaka alitamke hakuna anayeingia mbele ya kamera, hata nyumba ikiungua. Kwa jicho lililobaki Mkasi alimwona mpiga picha akisogeza taa kidogo, taratibu, apate uso wake vizuri. Akamjua yule mtu: ni yeye mwenyewe na kalamu yake. Hakuwahi kumchukia mtu kama alivyomchukia yeye, na hakuwa na haki hata ya kumtukana.

Ndipo mlango ukapigwa teke. Mdogo wake alijua kaka yake hajui kupigana, kwa hiyo alikuwa amemfuata. Alishika stendi ya taa, chuma kitupu, akaizungusha kwa mikono miwili, ikatua kwenye taya la mumewe. Meno yakaruka. Mumewe alipojaribu kuinuka akamshushia pigo la pili, la gotini, na mwanamume yule aliyezoea kuliza watu akalia kwa sauti nyembamba. Dada huyu hakuitwa na mtu. Alikuja mwenyewe.

"Kata," alisema.

Na kamera ikazimwa.

Shemeji alitoka hospitali na pingu mkononi. Mkasi alitoka na jicho moja na mkono wa plasta, akaenda moja kwa moja gazetini, na kwa kidole kimoja cha kushoto akaihakiki upya filamu ileile. Kwa mara ya kwanza alifuata kanuni yake mwenyewe:

"Anayetaka kujua anakwenda kutazama nini: ni mwanamke anayepigwa kweli. Msiende. Tena nilikosea. Kaka anayeitwa yumo. Amekaa safu ya tatu, anaandika."