Breki ya Upande wa Pili

Mguu wangu uliikanyaga breki kabla akili haijajua kwa nini. Gari lilipiga yowe, likateleza juu ya changarawe, likasimama upande upande, tairi moja la mbele likiwa limeingia mtaroni. Ng'ambo ya mtaro hapakuwa na kitu ila hewa na, chini kabisa, mto mwembamba kama uzi ulioanguka sakafuni. Nyuma, mdogo wangu alikuwa ameangukiwa na hema. Pembeni yangu baba alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, macho wazi, anatafuna, na mdomoni hamkuwa na chochote.

Baba alikuwa mwalimu wa udereva. Gari lilikuwa la shule yake, lile lenye klachi na breki za pili upande wa abiria, ambako mwalimu hukaa akimchunga mwanafunzi. Mama hakuja; alikuwa fundi cherehani, na sare za wanafunzi zilikuwa zimemfika shingoni. Basi nikakaa mimi kwenye kiti cha mwalimu, binti wa miaka kumi na minne, najiona mtu kweli. Nyuma alikaa mdogo wangu, tuliyemwita Kasuku kwa sababu tangu ajue kusema hajapata kunyamaza.

"Safari hii mtaikumbuka," baba alisema tulipotoka getini.

Alikuwa amepanga tuone chemchemi za maji moto, kisha korongo, kisha maporomoko ambayo, alisema, husikika kabla hayajaonekana. Hakuwahi kutupeleka popote maishani mwetu. Alikuwa mtu wa "mwakani, Mungu akipenda," na mwakani ikifika anairudia. Ghafla mwaka ule akanunua hema, akaazima jiko la gesi, akawa na haraka. Sikujiuliza haraka ya nini. Nilikuwa napewa safari, ningeuliza nini?

Kwenye chemchemi tulichemsha mayai ndani ya maji yale yale yanayotoka ardhini. Baba alichuchumaa, yai kwenye kijiko, akitueleza moto unaoyapasha maji hayo uko wapi. Katikati ya sentensi akakatika. Kijiko kikainama, yai likadumbukia. Akabaki ameikodolea macho hewa tupu, midomo ikicheza.

"Baba amegeuka sanamu!" Kasuku akacheka, akambana pua.

Nami nilicheka. Kisha akarudi, akafuta mdomo, akauliza, "Yai langu liko wapi?" Namna alivyouliza ndiyo iliyonikata kicheko. Hakuwa anatania.

Kesho yake tulipoingia garini sikuegemea kiti. Nilikaa ukingoni, mguu karibu na pedali. Sikuwa na wazo lolote kichwani. Mguu ndio uliokuwa na wazo.

Pale kwenye korongo, baba alipozinduka, kitu cha kwanza alichofanya ni kukasirika.

"Nani kakanyaga breki?" Sauti ya kazini. "Kwenye kona? Unataka kutuua?"

Nilizima gari, nikachomoa ufunguo, nikautia mfukoni. Akatazama mbele, kupitia kioo. Akatazama muda mrefu, kisha akauachia usukani.

"Ni uchovu," akasema.

"Na jana?"

"Jana kulikuwa na nini?"

Kasuku alikuwa kimya. Nilimtoa nje, nikamkalisha juu ya jiwe mbali na ukingo, akiwa bado amelikumbatia hema. Baba akaja kusimama karibu yangu, na hapo, macho kwenye viatu vyake, akaniambia. Daktari alishamkataza kuendesha, tangu kabla ya mwaka mpya. Tangu hapo alikuwa akiingia barabarani na wanafunzi wake kila siku, na kila asubuhi akiomba hali ile ya kupotewa na fahamu isimjie.

"Mama anajua?"

"Mama yako ana mambo mengi."

"Kwa hiyo hajui."

Upepo ulikuwa ukipanda kutoka bondeni, ukimpeperusha shati. "Nilitaka mzione hizi sehemu nikiwa bado naendesha," akasema. "Niwaonyeshe mimi. Yamebaki maporomoko tu, si mbali. Nitakwenda polepole. Nipe ufunguo, mwanangu."

Baba hakuwa mtu wa kuomba. Nyumbani alikuwa akisema tu, na jambo likafanyika. Mkono wangu ulikuwa umeshaingia mfukoni lori la kubeba maji lilipotokeza kwenye kona na kupunguza mwendo. Dereva, mwanamke wa makamo mwenye kitambaa kichwani, akatoa kichwa dirishani. Kando yake alikaa fundi wake wa pampu.

"Vipi hapo, mzee? Kuna shida?"

"Hamna shida, dada." Baba akatabasamu. "Tunapiga picha tu."

Mama yule akaliangalia tairi letu lililozama mtaroni. Kisha akaniangalia mimi.

"Kuna shida," nikasema.

Baba hakunikatiza. Nikayasema yote, mbele ya watu nisiowajua, na kwa kila neno lililonitoka nilimwona baba akipungua kimo.

Walilivuta gari kwa kamba, na fundi wa pampu akashika usukani kuturudisha, lori likitangulia. Baba akakaa upande wa abiria, miguu ameikunja chini ya kiti, mbali na pedali kana kwamba zina moto. Kwenye njia panda tulikipita kibao cha maporomoko. Kasuku akashusha kioo, akatega sikio.

"Siyasikii," akasema.



Nyumbani, mama alisimamisha cherehani, akasikiliza mpaka mwisho, akaanza kushona tena, na mshono ukaenda kombo. Baadaye aliniambia, "Ulifanya vizuri." Akakata uzi kwa meno. "Lakini ungengoja ufike nyumbani, ukaniambia mimi." Sikumuuliza tungefikaje.

Baba alirudisha funguo za shule mwenyewe. Wakampa kazi ya darasani, kufundisha alama za barabarani kwa vigari vya mbao juu ya meza. Alikuwa akirudi na vumbi la chaki kwenye mikono ya shati, anakula, analala. Kwangu alisema kupitia Kasuku: "Mwambie dada yako afunge mlango," nami nimesimama mlangoni, mkono kwenye kitasa. Kasuku alinipa ujumbe ule kwa unyenyekevu wa balozi. Mvua zikaja, zikaisha, tukiishi hivyo.

Siku moja ya kliniki ya baba, mama, aliyekuwa akimsindikiza, aliamka na homa. Baba alisimama kwenye mlango wa chumba chetu, kofia mkononi.

"Utanisindikiza?"

Tulikwenda kwa miguu. Daktari alikuwa mgeni, kijana, mwenye haraka. Alipekua karatasi, akamuuliza baba hali ile humwanzaje, huchukua muda gani, mikono hufanya nini.

Baba akageuza kofia magotini, akaigeuza tena.

"Muulize huyu," akasema, akininyooshea kidole. "Mimi huwa sipo."

Nikaanza kusimulia, toka kwenye yai. Baba akakisogeza kiti chake kunielekea, akainama mbele kidogo, akanisikiliza.