Mpaka Ngazini

...siku moja, anasema mwanangu, siku moja na mkono mmoja, mkono wa baba, na anavyosema kashika kiuno utadhani alikuwepo, na fundi wa msumeno kasimama chini kwenye bwawa la kuogelea tulilolikausha, chaki mkononi, miwani ya kazi kaipandisha kwenye paji la uso, anangoja, maana swali lake lilikuwa swali la mtu mwenye akili, bosi, hili zege lilimwagwa mara moja au mara mbili, kama ni mara moja basi limeoza lote kama hapa na mimi nakata mpaka ngazini, kama ni mara mbili nionyesheni kiungo kilipo, nitasimamia hapo, ngazi zipone, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo kunitazama mimi, nimekaa hapa ukingoni kwenye kiti cha plastiki kama nguo iliyoanikwa ikasahaulika, mkwe wangu alishamwambia tangu asubuhi, fundi usihangaike na mama, mama hasikii vizuri, mimi sisikii! nasikia mpaka unavyonisonya jikoni, mwanamke wewe, nasikia hata msumeno ulivyobadilisha sauti, ulikuwa unalia ile sauti nzito ya kitu kigumu, ulipofika upande wa kina ukalegea, ukawa unateleza tu kama kisu kwenye boga, nikajua, kabla hawajakitoa kile kipande kwa mnyororo nilishajua kitakachoonekana, na hicho hapo, kimelala juu ya turubai kama jino bovu, kina matundu ya kuingiza kidole, kokoto zinadondoka zenyewe, nondo zimeliwa na kutu zimebaki njiti, na maji ya msumeno yanachuruzika ya kijivu, uji, uji mtupu, na ndivyo nilivyomwambia siku ile, mume wangu hili si zege, hili ni uji, maji umezidisha, akanijibu bila hata kugeuka, wewe angalia jikoni kwako, jikoni kwangu! mimi niliyebeba karai kwenye majengo ya watu miaka minne kabla hajanioa, na yeye aliniona wapi kama si huko huko, yuko juu anajenga na mimi napanda na zege kichwani, lakini ukishaolewa akili yako yote inahamishiwa kwenye sufuria, na maji aliyazidisha kwa sababu alikuwa na haraka, zege la maji halichoshi mkono, linateremka lenyewe, na haraka yake naijua, naijua na tarehe yake... "Mama, jua limekufikia, ingia basi ndani," mwanangu huyo, kwa ile sauti ya kumbembeleza mtoto anywe dawa, sisogei, lichome likichoka litahama lenyewe, siku moja na mkono mmoja, na wewe siku hiyo moja ulikuwa wapi, si ulikuwa humu tumboni, miezi saba, unanipiga mateke ya mbavu kila nikiinama na beleshi, leo unamsimulia fundi... saruji iliisha mchana, upande wa kina peke yake ndio uliokuwa umemwagwa, akachora tarehe ukingoni kwa msumari, mwandiko wake ule wa mikia mirefu, kumi na nne mwezi wa nane, akanawa, akavaa shati la pasi, shati la pasi kwenda kununua saruji! nakuja sasa hivi, vibarua wakangoja, wakachoka, wakaenda zao, jioni ukaja mkokoteni na mifuko kumi na miwili, na mwenye mkokoteni akanifikishia salamu, bwana anasema anakuja sasa hivi, sasa hivi yake hiyo ilikula siku mbili, na aliporudi alirudi na kombe, kombe la drafti, bingwa wa mtaa mzima, kalikumbatia kama kichanga, ananukia sigara za watu, na mimi nimelala chali sakafuni kiuno hakiinuki, kwa sababu asubuhi yake mawingu yalikuwa yamefunga, mifuko iko nje, vibarua hawapo, na wifi yangu, dada yake yeye huyo huyo, kaja kuomba chumvi, wifi, anasema, mifuko hii ikinyeshewa itageuka mawe, nikamwambia basi ikageukie mawe shimoni, shika beleshi, akacheka, akadhani natania, nikampa beleshi, nikaliendea zege la jana, nikalitindua ukingo kwa nyundo na tindo mpaka likawa na meno, nikaliosha, nikalipaka saruji ya rojorojo, maana jipya halishikani na la jana lililo laini, hilo sikufundishwa darasani, na darasa lenyewe niliishia la saba, hilo nililiona kwa macho yangu nikiwa na karai kichwani na watu wakidhani kichwa kimebeba karai tu, maji tukatia kidogo, wifi analalamika, wifi hili gumu mno, mikono yangu inakufa, nikamwambia mikono itafufuka, koroga, na kila karai tukalichokoa kwa mti hewa itoke, na ngazi, ngazi nilizipima kwa mguu wangu mwenyewe, mguu wa mwanamke mwenye mimba ya miezi saba asiyeweza kuinua goti, ndiyo maana ni fupi, ndiyo maana kila mtu wa nyumba hii anashuka majini bila kushika kitu, wewe mwenyewe ulijifunzia kutembea hapo, ukitambaa ngazi kwa ngazi na makalio wazi, na leo unataka zikatwe kwa heshima ya baba yako, na baba yako alipoliona alizunguka bwawa mara mbili, kisha akapiga plasta juu ya kiungo, plasta aliijua, sikatai, vigae vikaja juu yake, ikawa kama hapakuwa na jana wala leo, na wifi akanishika mkono, tusiseme wifi yangu, kaka atachekwa, wifi naye kashazikwa na siri yake, simlaumu, maana mdomo haukuwa wake... haukuwa wake, nani aliyeanza kusema siku moja na mkono mmoja, si mimi, mimi hapa, wageni wakija namsifu, huyu alilimwaga lote siku moja peke yake, mwanaume akisifiwa anakaa nyumbani, ndivyo nilivyodhani, hakukaa, alikwenda kwenye drafti yake akiwa na sifa juu, na siku tunamzika nikalisema tena mbele za watu, jicho kavu, sauti imenyooka, na huyu mtoto kalishika kama sala, kumbe ninayemkasirikia ananirudishia maneno yangu mwenyewe, nilijifuta mimi, kwa mkono wangu, vizuri kuliko plasta yoyote, na bado nina hasira, sasa sijui hata niitupe upande gani, impate marehemu, impate wifi, inipate mimi, hapana, mimi nimeshapata ya kutosha, miaka thelathini na nane kombe liko kabatini sebuleni, mkwe wangu analing'arisha kila wiki kwa kitambaa, juu yake wamechonga bingwa, wamechonga na tarehe, kumi na nne mwezi wa nane, mwaka ule ule, na mwanangu kila mgeni anamleta hapa ukingoni amwonyeshe mwandiko wa baba, kumi na nne mwezi wa nane, mmoja anasoma huku, mmoja anafuta kule, na hakuna hata siku moja aliyejiuliza mtu anawezaje kumwaga bwawa zima na kuchukua ubingwa wa drafti siku hiyo hiyo, wasomi hao, vyeti ukutani... "Basi nianze kuchora, bosi?" "Chora tu fundi, mpaka ngazini," na fundi kainama, lakini kabla ya chaki kagonga ngazi ya juu kwa kitako cha nyundo, ngo, akagonga tena, ngo, sauti hiyo naijua, hiyo ni mikono ya wifi inayokufa, kakunja uso, "bosi, mbona hapa panalia tofauti," "ni ile ile fundi, siku moja," na fundi hachori, anainua macho, yanampita mwanangu, yanampita mkwe wangu, yanatua hapa kwenye kiti cha plastiki, "mama, na wewe ulikuwepo?" na mkwe kashafungua mdomo, fundi mama hasiki... "Nenda sebuleni," namwambia mwanangu, "lete lile kombe la kabatini," wananitazama kama kiti ndicho kilichosema, "kombe la nini sasa, mama?" mwanangu anacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyejua anacheka nini, na fundi bado kainama, chaki bado haijagusa ngazi, la kusomwa, namwambia, na utalisoma wewe, kwa sauti, anza na tarehe.