Hewa Iliyomwonea Haya Mama Mkwe

Jana mchana, baada ya kula, nilijinyoosha kwenye kochi la sebuleni, usingizi ukanichukua, nikaota ninaitwa na tundu la hewa lililo juu ya televisheni.

"Hodi," lilisema.

"Karibu," nikajibu.

"Siingii mimi. Unaingia wewe."

Sikuona sababu ya kubisha. Nyumba tuliyopanga hapa Tanga ina kiyoyozi kimoja kikubwa, kinachopeleka hewa vyumbani kwa mabomba ya bati yanayopita darini. Juzi Fundi Kihiyo alipanda kuyachungulia, akashuka vumbi limemjaa hadi kwenye kope. "Viungo vimefumuka," alisema. "Hewa inaondoka vizuri, ila chumba cha mwisho haifiki. Nikipata gundi ya kuzibia nitarudi."

Chumba cha mwisho analala mama mkwe wangu, Bi Semeni, aliyekuja kwetu kuuguza goti. Mimi mle siingii. Mkwe ni mkwe. Namwamkia nikiwa koridoni, macho chini. Sasa ametangaza kwamba anarudi kwao Korogwe, amewakumbuka mbuzi wake. Goti bado limevimba. Mke wangu Sauda amembembeleza hadi sauti imemkauka.

Basi nikajikunja kama mkeka, nikaingia tunduni.

Ndani ya bomba ni barabara. Natembea wima, kuta ni za bati, upepo unanisukuma mgongoni kwa adabu. Nafika kwenye kiungo cha mwisho, naona ufa mpana kama mlango. Nje ya ufa, darini, umati umekaa kwenye majamvi. Wamevaa masweta na kofia za sufu, wanakunywa chai ya tangawizi.

"Nyinyi ni akina nani?"

"Hewa yako ya baridi," akajibu aliyeshika birika.

"Niliwatuma chumba cha mwisho."

"Mle amelala nani?"

"Mama mkwe."

"Wewe unaingia?"

"Siingii."

"Na sisi tumetoka kwako," akasema, akinimiminia chai. "Tukifika hapa tunaona haya, tunashuka."

Nikapokea kikombe, nikanywa. Chai ilikuwa nzuri.

Mara dari si dari tena, ni uwanja wa harusi yangu. Viti vya plastiki vimepangwa, hewa imevikalia vyote, na bomba limevaa kanzu. Nalitambua: ndilo mshenga.

"Kijana," likasema bomba, "ruhusa anatoa mwenye chumba. Muulize."

Nikainama kwenye mdomo wake, nikaita, "Mama, shikamoo!"

"Marahaba, baba," sauti ya Bi Semeni ikajibu kutoka mbali. "Uko wapi?"

"Ndani ya bomba."

"Haya."

"Mama, humo ndani kuna joto?"

Waalikwa wote waliacha kunywa.

"Mama?"

"Mtu hamwambii mkwewe habari za joto," akasema. "Atadhani naisema vibaya nyumba yake."

"Mimi siko nyumbani, mama. Niko ndani ya bomba."

Akalifikiria hilo. "Kama ni hivyo, joto lipo. Nalala kama mkate kwenye tanuri. Na mbuzi wenyewe, baba, sina. Niliwauza kabla sijaja."

Miezi yote hii namwamkia, anaitikia, nami najiona mkwe mwema.

"Basi ikaribishe hewa, mama. Inaona haya."

"Karibuni," akasema Bi Semeni. "Piteni tu, ni kwenu."

Wakasimama. Wakakunja majamvi, wakavua viatu, wakapita mbele yangu mmoja mmoja wakiniamkia. Wa mwisho alinikabidhi ndoo ya gundi ya kijivu, nzito kama ugali mbichi.

"Ziba," akasema, "tusijaribu kurudi."

Napaka kwa mikono. Ufa unalalamika kwamba kucha zangu ni ndefu. Naomba radhi, naendelea kupaka. Unazidi kuwa mdogo: mlango, dirisha, tundu la sindano. Ulipozibika kabisa ndipo nikagundua kwamba nimebaki upande wa ndani. Nyuma upepo unasukuma, mbele kuna njia moja tu, nayo inaishia chumbani kwa mama mkwe.

Nilisimama pale nikitokwa na jasho, kwenye baridi ile.

"Mama," nikasema mwishowe, "hodi."

Nilisikia kitanda kikilia, kisha khanga ikitandazwa na kufungwa.

"Ingia, mwanangu," akasema. "Anayekuja kuniondolea joto simwachi mlangoni."

Upepo ukanisukuma, nikaamka.

Jua lilikuwa kali dirishani. Sauda alikuwa anapiga pasi pembeni ya kochi, jasho likimtiririka. Kutoka mwisho wa korido Bi Semeni aliita, "Sauda! Niletee blanketi!"

Sauda aliiweka pasi chini. "Blanketi, mama? Na jua hili?"

"Nimesema blanketi. Na huyo mwenzio mwambie akanawe mikono."

Sauda akanigeukia, akaishika mikono yangu, akaigeuza. Chini ya kucha zote kumi kulikuwa na gundi ya kijivu, bado mbichi.