Rangi kwenye Mninga wa Mzee Mughwai

Mtu akiniamkia kwa adabu mno, namtazama mikono kwanza. Gasto, katibu wa kamati ya utalii kijijini, aliponipa shikamoo asubuhi ile, alikuwa na rangi nyeupe hadi kwenye viwiko.

"Marahaba. Unapaka nini huko msituni?"

"Miti ya mizinga, mama. Wageni watakuja kutembea, waone nyuki na ndege, wanunue asali. Mti wenye rangi haukatwi. Si tulisema mkutanoni?"

Mkutanoni sikwenda. Mikutano ya namna hiyo naijua, unatoka na soda mkononi na shamba halipo. Halafu huku kwetu Itigi, anayetia alama kwenye mti ndiye mwenye mti. Marehemu mume wangu, mzee Mughwai, alichanja alama yake kwenye mninga, akatundika mizinga mitano, na hakuna aliyeugusa. Mizinga hiyo ndiyo inayonilisha tangu afe.

Nilipokuta mstari mweupe juu ya alama yake, damu ilinichemka. Nikachukua panga nikakwangua rangi yote, gome na alama vikaenda nayo. Mizinga ilikuwa mitupu kwa kiangazi, nikaiteremsha nikaificha nyumbani, wasije wakaihesabu. Wageni! Nani aache kwake Ulaya aje kutazama nyuki wa kumuuma?

Wakaja. Jirani yangu Asnath aliuza ndoo mbili za asali kwa mkupuo. Wachoma mkaa nao wakahama, maana njia za msituni zilikuwa na watu kila siku. Mimi nikasema subirini, siku moja mtaonyeshwa mpaka, muambiwe huku si kwenu.

Msimu wa maua ulipoingia, nilirudi kutundika mizinga yangu. Nilikuta kisiki. Miti mingine yote ya jirani ilikuwa na wenyewe.

Nilikimbilia kijijini kwenye banda jipya la wageni. Gasto alikuwa anamfokea fundi seremala, Raymond.

"Ule ulikuwa mti wa mzee Mughwai!"

"Haukuwa na rangi, kaka. Wala alama ya mtu, wala mzinga."

Watu walishaanza kumwita mwizi wa mbao. Lile jicho walilomtazama nalo nililijua, ni langu.

"Mwacheni," nikasema. "Nilikwangua mimi."

Gasto hakunifokea. Afadhali angenifokea.

"Mama, ule ndio tulioanza kuupaka," alisema. "Kwa heshima ya mzee."

Raymond akanisogezea benchi nikae. Lilikuwa la mninga, bado linanukia. Nikabaki nimesimama.