Homa ya Chemchemi

Martina alikaa kwenye kigoda uani kwa bibi yake, juu kidogo ya Bigwa, akichuna waya kwa meno kwa sababu kisu cha jikoni kilikuwa kinakata mchicha. Waya zilikuwa tatu: nyekundu ya umeme, nyeusi ya kurudi, na ya njano ya kupitisha habari. Mwisho wake kulikuwa na kipimajoto cha kidijitali, kichuma chembamba kama penseli, kilichozibwa kisiingie maji. Upande wa pili aliziunganisha kwenye bodi ndogo, ile wanayochezea wanafunzi wanaojifunza kutengeneza vifaa vya umeme, kisha akaichomeka bodi kwenye kompyuta yake. Kioo kikaandika 85.

"Themanini na tano," alisema.

"Ndo moto gani huo?" Bibi Anastasia aliuliza bila kuinua macho kwenye mchicha.

"Siyo moto wowote. Kikiwashwa, kabla hakijapima, ndivyo kinavyosema. Nimekiuliza mapema mno."

"Basi kimefanana na mjomba wako. Ukimwamsha, anasema ndiyo kabla hajajua ameulizwa nini."

Martina akaongeza mstari kwenye programu, wa kukisubiri kifaa kimalize kupima. Sasa kioo kikaandika 17, na kweli asubuhi ilikuwa ya baridi, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba.

"Haya, mke mwenza," Bibi akasema, akijifunga kanga ya pili. "Twende tukamwone mgonjwa."

Mgonjwa mwenyewe ilikuwa chemchemi ya ukoo. Homa yake haikuwa jambo geni. Ilikuwa ikiipata karibu kila kipupwe, na wanawake wa ukoo walikuwa wakiijua kwa kiganja, kama mtu anavyomjua mtoto kwa kumgusa shingoni. Ikishikwa na homa walikwenda kuiuguza kwa zamu. Walikaa ukingoni, miguu ndani ya maji, wakaifuta mawe yake kwa kanga iliyoloa na kuisimulia habari za kawaida: nani kaolewa, karoti za nani zimekubali, padri kasema nini Jumapili. Baada ya muda homa ilishuka, wakarudi nyumbani. Mgonjwa haachwi peke yake, na chemchemi hawakuiona tofauti na mgonjwa mwingine.

Lakini siku hizi kila kitu kilikuwa na mwekezaji. Mashamba ya mkonge kule chini yalikuwa na wake, ghala la ushirika lilikuwa na wake, na chemchemi nayo ikapata wake, kampuni ya maji ya chupa kutoka Dar es Salaam. Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na msemaji wake ni mjomba. Kampuni ilimfuata Mjomba Ignas mchana mmoja amelala barazani, wakamwamsha, wakamuuliza, akasema ndiyo. Wakazungushia chemchemi wavu wa chuma, wakaweka geti, wakampa yeye sare ya mlinzi na ufunguo.

Tangu hapo homa haikushuka. Wanawake walikwenda kwa Meneja Salum wa kampuni, wakamwambia maji yanaumwa. Hakuwacheka. Alisema kampuni haiwezi kufanya kazi kwa viganja, walete takwimu. Martina alikuwa amemaliza chuo na kuomba kazi kila mahali, na sentensi hiyo ilimfurahisha kuliko zote alizosikia tangu mahafali. Aliamini kwamba mtu akiomba takwimu ni kwa sababu anazitaka.

Mjomba Ignas alikuwa amesimama getini, sare imembana kifuani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Siwezi kufungua, jamani. Msiniulize."

"Hatujakuuliza," Bibi Anastasia alisema. "Imeamkaje?"

"Vibaya. Imekesha ikiweweseka."

"Inasema nini?"

Mjomba Ignas akatazama viatu vyake. "Inakuita wewe, mama. Jina lako la utoto."

"Na wewe ukafanyaje?"

"Nimeajiriwa kulinda. Sikuajiriwa kuitika."

Martina akakipitisha kichuma kwenye tundu la wavu, akakilegezea waya mpaka kikazama. Alisubiri. Kioo kikaandika 39.2. Alisubiri tena, maana hakutaka mtu aje kusema amekurupuka. 39.2.

"Ya mtoto hiyo," Bibi akasema. "Mtoto wa hivyo humlazi mbali."

Akapiga magoti kwenye matope, akapenyeza mkono kwenye wavu mpaka chuma kikamkwama juu ya kiwiko. Vidole vyake vilifika majini. Akaanza kuieleza chemchemi kwamba mchicha mwaka huu una wadudu, na kwamba jirani yake, mama Thobias, amepata mjukuu mwenye masikio makubwa. Namba zikaanza kushuka: 38.7, 38.1, 37.5. Mjomba Ignas aligeuka akatazama upande wa barabara, kama mtu anayelinda. Bibi alipochomoa mkono, ngozi imechubuka, namba zikapanda tena polepole. Martina akahifadhi zote, akazichorea mstari. Ulishuka ukapanda kama bonde, wazi kabisa, na njia nzima ya kurudi moyo wake ulikuwa mwepesi.

Meneja Salum aliwapokea ndani ya kontena lililofanywa ofisi. Alimwamkia bibi, akampa kiti chake mwenyewe, akauangalia mchoro kwa makini.

"Hii themanini na tano ya mwanzoni?"

"Hiyo siyo kipimo," Martina akajibu. "Ilitokea nikijaribu nyumbani. Kifaa kilikuwa hakijapima."

"Sawa. Kwa hiyo ina homa."

"Ndiyo."

"Na akiishika bibi, inashuka."

"Ndiyo. Tunaomba geti lifunguliwe jioni tu, tuiuguze. Hatuombi kingine."

Meneja akakubali kwa kichwa. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala vizuri. "Dada, kazi yako ni nzuri, sina ubishi nayo. Ila nimepitia viwango vyote vya maji ya kunywa. Vinataja vijidudu, chumvi, rangi, harufu. Homa havitaji. Miguu ya watu vinaitaja."

"Mwanangu," Bibi Anastasia akasema, "kwenu akiumwa mtu mnamfungia?"

"Kwetu tunampeleka hospitali, bibi."

"Haya, ipeleke."

Meneja Salum alicheka kidogo, kwa adabu. Alichokuja kusema baadaye ni kwamba kampuni ingependa kipimo hicho kiendelee kila siku, na kwamba ilihitaji mtu wa kukisoma.

Martina aliichukua kazi. Alijiambia kwamba takwimu za siku moja ni chache, zikijaa zitasikika. Siku ya kwanza Mjomba Ignas alimfungulia geti, akampa gambuti na glavu ndefu za mpira, kwa sababu hairuhusiwi ngozi kugusa maji. Martina akakifunga kichuma kwenye jiwe. Maji yalimzunguka magotini, akayasikia yakihema kupitia mpira. Akasoma 39.4, akaiandika, akatoka.

Ameendelea kuandika hivyo. Chupa zinatoka za moto na hazipoi. Wauzaji wa stendi ya mabasi ya Msamvu walizizika kwenye barafu, barafu ikayeyuka. Kampuni ikabadilisha lebo, ikaandika Joto Asilia la Mlimani, na kipupwe zinanunuliwa sana. Abiria wa mabasi ya bara wanazifunga kwenye mablanketi ya watoto.

Jioni Martina humletea bibi yake chupa moja. Bibi Anastasia huipakata, akaifuta kwa kanga iliyoloa, akaisimulia habari za wadudu na za mjukuu mwenye masikio, mpaka ipoe kabisa. Kisha anakwenda kuimwaga kwenye migomba, taratibu, kama anavyomlaza mtu. Asubuhi lori linapita limejaa nyingine.

Na mchana, jua likiwaka juu ya geti, Mjomba Ignas husinzia kwenye kiti chake. Nyuma yake, ndani ya wavu, chemchemi humwita mama yake Ignas kwa jina la utoto. Mjomba husema ndiyo, kwa sauti, kabla hajaamka. Halafu huamka, akaenda kukagua kufuli.