Sahihi ya Jenereta ya Pili

Siku ya sikukuu ya zana, hata jenereta za dharura hupumzishwa. Ndivyo ilivyokuwa kila mwaka kwenye mtambo ule wa nyuklia wa pwani ya Watamili, kusini mwa India: mafundi huziosha mashine, huzipaka rojo la msandali na kuzivisha maua, na swichi huwekwa kwenye "zima" ili injini isije ikawaka ghafla ikamkata mtu mkono. Ibada ikiisha, swichi hurudishwa kwenye "tayari", na watu wawili hutia sahihi kwamba wameiona kwa macho yao.

Wawili kwenye karatasi, lakini. Esakki, fundi mkuu, na msaidizi wake Thavasi walikuwa wakiaminiana kuliko swichi yenyewe. Mmoja akiangalia, mwenzake anasaini tu. Esakki ndiye aliyemtafutia Thavasi kazi hii, akamfundisha hata kushika spana. Mabinti watatu wa Thavasi walikulia barazani kwa Esakki, ambaye Mungu hakumjalia mtoto.

Mwaka huu, ibada ilipokwisha, Thavasi alimwomba awapelekee wali mtamu wale wa chumba cha uendeshaji. Jenereta ya pili angeimalizia yeye. Esakki aliporudi alikuta daftari limefunuliwa.

"Tayari, kaka. Saini, mimi nasaini nikishanawa mikono."

Akasaini. Hata shingo hakugeuza.

Saa tisa na nusu alasiri umeme wa gridi ukakatika. Jenereta ya kwanza ikanguruma papo hapo. Ya pili, kimya. Esakki alitoka mbio, roho mkononi, akaikuta swichi iko kwenye "zima". Akaizungusha, injini ikawaka. Bahati yao ile ya kwanza ilitosha kuendesha pampu za kupozea kinu. Nayo ingegoma, asikudanganye mtu, pwani nzima ingehama siku ile.

Kesho yake kamati ya uchunguzi ikawaita. Thavasi alitangulia kuhojiwa. Esakki alipoingia, mwenyekiti, mama asiye na mzaha aitwaye Vaidehi, alimgeuzia daftari. Mstari wa Esakki ulikuwa na sahihi. Wa Thavasi ulikuwa mtupu. Thavasi, mama yule akaeleza, amesema swichi alimwachia mkubwa wake, na kwamba yeye hasaini kitu ambacho hajakiona.

Esakki angeweza kueleza habari za kuaminiana, lakini nani angemsikiliza, na sahihi ni yake?

"Uliiona swichi kwa macho yako?" Vaidehi akauliza.

"Hapana, mama."

Miaka kumi na tisa ya kazi ikaishia hapo. Aliamriwa azikabidhi funguo za banda la jenereta kwa fundi mkuu mpya, naye alikuwa amesimama pale pale mlangoni, macho chini.

"Nisamehe, kaka," Thavasi akasema. "Mwanangu mkubwa anaolewa mwakani. Nikifukuzwa, nani atamchukua? Wewe huna wa kumwoza."

Esakki akazitoa funguo mfukoni.

"Huyo huyo niliyemfundisha kusoma? Utamwambia kwamba baba yake mkubwa amefanya nini?"

"Nimeshamwambia." Thavasi akanyoosha mkono kupokea funguo. "Amelia sana. Anasema usije harusini."