Maneno Manne kwa Kila Mmoja

Nilikuwa nimebana tundu la chaji la simu kwa kibano, lehemu ndiyo kwanza inayeyuka, fundi bomba na mdogo wake mwalimu walipoingia dukani. Kazi ile ukiiachia katikati unaianza upya, kwa hiyo sikuinua uso. Niliona viatu tu: buti zenye tope la mtaro, na viatu vya chini vyenye vumbi la chaki.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Kaeni. Msiegemee meza."

Walikaa kwenye benchi, huyu mwisho huu na yule mwisho ule, katikati wameacha nafasi ya mtu wa tatu. Nilijua ni ya nani. Niliweka kibano chini.

Marehemu baba yao alikuwa mchomeleaji. Tulipakana ukuta miaka kumi na tisa, na tukiazimana koleo tulipitishiana dirishani. Mwaka mmoja kabla hajafa alimtengenezea mtu mmoja mageti ya nyumba tatu, na mtu yule akataka kumlipa kwa sarafu za mtandaoni. Mimi ndiye niliyemfungulia pochi kwenye simu yake. Nilijifunza usiku na mchana kwa kusoma, kwa sababu hakuna aliyenifundisha, na nilimweleza nilivyoelewa: pochi hii haina benki wala meneja wa kumlilia. Ina maneno kumi na mawili, kwa mpangilio wake. Mwenye maneno ndiye mwenye mali.

Aliyaandika kwenye karatasi. Kisha akachukua mkasi wake wa kukatia bati, akaikata karatasi vipande vitatu, maneno manne kila kipande, akampa kila mtoto chake.

"Wakikaa pamoja watafungua," aliniambia pale dirishani. "Wasipokaa pamoja, basi."

Simu yake ilizama kwenye pipa la maji ya kupozea vyuma. Yeye akafuata miezi minne baadaye. Watoto hawakukaa pamoja. Fundi bomba aliuza mashine ya kuchomelea wiki ya tatu baada ya mazishi, akasema ni kwa ajili ya deni la dawa. Mwalimu akasema hajaona risiti. Kitinda mimba wao, anayefua nguo hospitali, hakuchukua upande, akaacha tu kufika nyumbani watu wakiwa wamekusanyika, na akiombwa kipande chake anasema hawaamini. Sasa mama yao alikuwa ameanguka mlangoni mwa bafu, nyonga imevunjika. Upasuaji umepangwa Alhamisi, na nusu ya malipo inatakiwa Jumatano, la sivyo kitanda anapewa mwingine. Siku ile ilikuwa Jumatatu.

"Tumekuja utusaidie kumsema mdogo wetu," alisema fundi bomba. "Sisi tumeshaweka yetu. Amebaki yeye."

"Mmeweka wapi?"

Mwalimu alinipa simu yake. Ukurasa ulikuwa mzuri, wa bluu, una picha ya familia inacheka. Ulisema unaunganisha maneno ya pochi yaliyogawanywa: kila mwanafamilia anaingiza sehemu yake kutoka simu yake, hakuna atakayeona ya mwenzake. Chini kulikuwa na duara tatu. Mbili zimejaa. Ya tatu ilikuwa inazunguka, na maneno yanasema: tunamsubiri mwanafamilia mmoja.

Nilisoma yote, mpaka maandishi madogo. Nikarudia.

"Nani aliupata?"

"Mimi," alisema fundi bomba. "Nilikuwa natafuta njia ambayo mtu asiseme kaibiwa."

"Ukurasa una alama ya kufuli pale juu," alisema mwalimu. "Niliangalia kwanza."

"Kufuli linasema hakuna anayesikiliza njiani, mwanangu. Halisemi mwenye nyumba ni nani."

Nje mtu alikuwa anapuliza tairi la baiskeli, pumzi moja moja. Nilitaka kusema neno kali, nikakumbuka kuwa mimi mwenyewe nimewahi kunaswa hivyo. Wangu ulikuwa ukurasa wa kugeuza ufunguo wa siri wa pochi kutoka mwandiko mmoja kwenda mwingine. Niliubandika ufunguo wangu, nikapewa jibu sahihi kabisa, nikashukuru hata. Asubuhi pochi ilikuwa nyeupe. Niliwasimulia hivyo hivyo, kwa kifupi.

"Kwa hiyo hela imekwenda," alisema mwalimu.

Nilifungua daftari langu. Nilikuwa nimeandika namba ya kupokelea ya baba yao siku ile ya kwanza. Namba hiyo haina siri, mtu yeyote anaweza kuitazama na kuona kilichomo. Kuiona hela si kuichukua. Nilitazama.

"Bado ipo. Mwenye ukurasa ana maneno manane, manne hana."

"Atayakisia?"

"Mtu hawezi. Mashine inaweza. Si leo, pengine si kesho. Lakini mashine haichoki. Inatupasa tuihamishe kabla."

"Basi mpigie," alisema fundi bomba. "Mimi akiona namba yangu hapokei."

Nilimpigia mdogo wao. Nilisema ni kuhusu mama yake, nami namuomba kama ninavyomuomba mwanangu. Nilisikia mashine za kufulia zikinguruma nyuma yake. Akasema anatoka zamu saa tisa.

Nilipanga mambo wakati tukisubiri. Nina simu ya zamani niliyoifuta yote. Niliweka programu ya pochi, nikatoa laini, nikazima kila kinachoweza kuunganika na nje. Nilining'iniza shuka kwenye pembe ya duka, nikaweka kigoda nyuma yake, na utepe wa gundi.

"Kila mmoja ataingia peke yake," niliwaambia. "Ukimaliza maneno yako manne, yafunike kwa utepe juu ya kioo. Anayefuata haoni kitu."

Fundi bomba alitazama shuka lile. "Kama kibanda cha kupigia kura."

"Tofauti hapa hakuna anayeiba," alisema mwalimu.

"Umeanza."

"Sijamaliza hata kuanza."

Kitinda mimba alifika saa kumi kasoro, bado na gauni la kazi, mikono imekunjamana kwa sabuni. Aliwaamkia wote, hakukaa penye ile nafasi ya katikati. Alisimama mlangoni.

Kaka yake aliingia nyuma ya shuka, akatoka. Dada yake akaingia, akatoka. Kisha yeye. Tulisikia kidole chake kikigonga kioo, kikanyamaza.

"Kuna nini?" niliuliza.

Alitoka na kipande cha karatasi kwenye kiganja. Kilikuwa kimelainika kama kitambaa, wino umegeuka wingu la samawati. Maneno matatu yalikuwa yamepitiwa upya kwa kalamu. La nne, la mwisho kabisa kati ya yote kumi na mawili, lilibaki na herufi moja tu ya mwanzo, kisha tundu.

"Kilikuwa mfukoni mwa gauni," alisema. "Nikalifua."

"Lini?" aliuliza mwalimu.

"Wiki ya mazishi."

Miezi saba. Miezi saba alikuwa akiwaambia hawaamini, hawapi kitu.

"Mfua nguo," alisema fundi bomba polepole, "nguo za wagonjwa mia mbili kwa siku, mifuko yote unaikagua. Wa kwako ndio ukaupitisha."

"Nilikuwa nimechoka, kaka."

Nilidhani fundi bomba angeongeza ukali. Badala yake alivua kofia yake akaipangusia uso.

"Ungesema," alisema mwalimu.

"Ningesema nini? Mlikuwa mnagombana juu ya mashine. Niseme na mimi nimepoteza ya baba? Ule ukurasa wenu niliufungua. Ukanikatalia kuendelea mpaka niwe na maneno manne. Nikaufunga, sikuandika hata moja."

Mficha uchi hazai, lakini safari hii aibu ndiyo ilimfungia mwizi mlango. Nilimwambia hivyo. Hakucheka, ila mabega yalishuka kidogo.

Niliwaeleza kilichobaki. Maneno ya pochi hizi hayatungwi hovyo, yanatoka kwenye orodha moja inayojulikana. Yanayoanza na herufi ile ni kama mia mbili na hamsini. Nilikuwa nayo orodha, nimeichapisha zamani. Nitasoma neno, mdogo wao ataliandika la mwisho. Mengi programu itayakataa papo hapo. Machache itayakubali na kufungua pochi, lakini itakuwa pochi ya yeyote au ya hakuna mtu. Hapo tutalinganisha namba yake na ile ya daftarini. Isipofanana, tunaifuta.

"Na tukiifuta?" aliuliza mwalimu.

"Yote kumi na mawili yanaandikwa upya."

Walilitazama lile shuka.

Tulianza. Nilisoma, yeye akaandika, programu ikakataa. Nikaweka alama ya penseli. Neno la tisa lilikubaliwa. Mwalimu alisimama ghafla, akaangusha kopo langu la skrubu. Tulilinganisha namba: herufi ya tatu tu ilitosha kutuonyesha si yenyewe. Tukafuta. Fundi bomba akaingia nyuma ya shuka, akatoka. Mwalimu akaingia, akatoka. Mdogo wao akaingia.

La ishirini na sita lilikubaliwa. Si lenyewe. Tena nyuma ya shuka. Fundi bomba sasa alikuwa anaingia akiinama kwa kushika kiuno, maana alikuwa amechimba mtaro tangu alfajiri.

"Baba alikuwa na akili," alisema huko nyuma, utepe ukichanika. "Angetukatia tu kiwanja."

"Tungegombania mpaka," alisema mwalimu.

La thelathini na moja. Wakati huu hata mimi nilitumaini, kwa kuwa herufi tatu za mwanzo zilifanana. Ya nne ikakataa. Niliokota skrubu zilizobaki chini, kwa sababu sikutaka kuwatazama usoni.

Fundi bomba hakuinuka. Aliegemea ukuta ule tuliokuwa tukipakana na baba yake, akafumba macho. Kisha akatoa kipande chake kwenye pochi ya ngozi, kimefungwa ndani ya nailoni, safi, mwandiko wa marehemu haujaguswa. Akakinyoosha upande wa dada yake bila kufumbua macho.

"Niwekee na yangu."

Mwalimu hakukipokea. "Nitayaona."

"Si unajua kusoma?"

"Halafu kesho useme..."

"Kesho nitasema nini? Nimempa manne mtu nisiyemjua hata sura, kwa kuwa ana picha ya familia inayocheka. Wewe nakujua. Una maneno mengi, lakini nakujua."

Alikipokea. Alikishika kwa ncha za vidole kama karatasi ya mtihani ya mtoto wa watu. "Zimwi likujualo," alisema.

"Ndiyo hivyo. Usinimalize."

Akaingia nyuma ya shuka na vipande viwili. Baada ya kitambo aliita mdogo wake aingie hukohuko, kigoda kinawatosha. Sikusikia tena utepe ukichanika. Nilisoma maneno, nikasikia vidole, nikasikia mmoja akimsahihisha mwenzake herufi. Neno la arobaini na nne lilikubaliwa, halikuwa lenyewe. Waliandika upya kumi na moja, mmoja akisoma na mwingine akigonga.

"Ile mashine," alisema fundi bomba, bado macho kafumba. "Risiti ya dawa iko kwa mama. Ndani ya kitabu chake cha kliniki."

Nyuma ya shuka vidole vilisimama.

"Nitaiangalia," alisema mwalimu. Kisha, "Baba mdogo, endelea."

Tulifika neno la hamsini na nane. Simu ile ya zamani ilikuwa imepata joto la kuunguza kiganja, na betri yake imeanza kuvimba ubavuni, jambo ambalo fundi halichezei. Niliizima. Nilisema lazima ipoe, na kwamba nyumbani nina betri nyingine ya aina ile, nitaibadilisha asubuhi.

"Yamebaki mangapi?" aliuliza mdogo wao.

"Kama mia na tisini. Linaweza kuwa la kwanza."

"Linaweza kuwa la mwisho."

"Linaweza."

Nilitazama tena namba ya baba yao kwenye simu yangu. Hela ilikuwa ipo. Mahali fulani pengine mashine ilikuwa inakisia manne ya mtu, haina kiuno wala zamu. Sikuwaambia hilo mara ya pili, walishalielewa. Tulikubaliana saa moja asubuhi. Mdogo wao ataomba kubadilishana zamu. Mwalimu atamwomba mwenzake amshikie darasa. Mtaro wa fundi bomba utasubiri. Wakifungua, tutaihamishia pochi mpya papo hapo, na maneno mapya kumi na mawili wataamua wenyewe yakae wapi. Hilo halikuwa la kuamuliwa na watu waliochoka.

Waliondoka pamoja, kwa kuwa njia ya kwa mama yao ni moja. Fundi bomba alisahau kuomba kipande chake, au hakukiomba. Mwalimu alikuwa amekiweka pamoja na chake na kile kilichofuliwa, vyote vitatu ndani ya kasha la miwani yake, na alilishika mkononi.

Sikuliteremsha shuka. Nilichora mstari wa penseli chini ya neno la hamsini na nane, nikaikunja orodha. Kwenye meza tundu la chaji lilikuwa limegandia upande mmoja, limepinda. Mwenye simu alisema atapita saa tatu. Nilichomoa chuma cha kulehemu kwenye umeme, nikangoja kipoe kabla sijafunga.